Mzee, kabla hujachomwa sindano ya homoni

Siku hizi wazee wa Tanga wananiletea karatasi za maabara zenye mstari mmoja uliozungushiwa kalamu: testosteroni, homoni ya kiume. Pembeni ya namba pana alama ya kushuka, na mzee mwenyewe ameshakata shauri. "Daktari, homoni zimeniishia. Nimeambiwa dawa yake sindano."

Mimi kwanza natazama damu ilitolewa saa ngapi. Mara nyingi ni saa nane mchana au saa tisa alasiri, mzee ameshakula wali wake akashiba, pengine na homa ya wiki hiyo haijamtoka vizuri. Kipimo cha namna hiyo siwezi kukijengea matibabu. Testosteroni hupanda mtu akiwa usingizini, huwa juu kabisa alfajiri na asubuhi, kisha huteremka kadiri jua linavyopanda. Chakula huishusha, na ugonjwa huishusha zaidi. Kwa hiyo damu itolewe kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula, na jibu likiwa la chini kipimo kirudiwe siku nyingine kabla mtu hajaambiwa neno lolote. Mlinzi wa usiku, au mvuvi anayekesha baharini na kutua kwenye diko la Deep Sea kukipambazuka, nampangia saa yake kwa kufuata muda anaoamka, kwa sababu mwili wake haufuati jua.

Madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani huhesabu kuwa testosteroni ni ndogo ikiwa chini ya nanogramu 300 kwa desilita. Wenzao wa Ulaya hutumia nanomoli 12 kwa lita, ambayo ni juu kidogo ya hapo. Lakini namba peke yake si ugonjwa. Kuanzia miaka ya thelathini na kitu homoni hii hupungua taratibu, kama asilimia moja kwa mwaka, na wanaume wengi huufikia uzee wakiwa nayo ya kuwatosha. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliotolewa mwaka 2010, uliowapima wanaume zaidi ya 3,000 wenye miaka 40 hadi 79, ulitaka namba ya chini iambatane na dalili tatu za tendo la ndoa kwa pamoja: hamu kupungua, uume kutosimama vizuri, na kutoamka tena na uume uliosimama. Waliotimiza masharti yote walikuwa kama asilimia 2 tu. Wanaume wenye matatizo ya nguvu za kiume ni wengi kupita hao kwa mbali. Basi wengi wao shida yao haiko kwenye homoni, na hapo ndipo ninapotaka tukae leo.

Kwanza tuelewe homoni yenyewe. Korodani ndizo zinazoitengeneza, lakini hazifanyi kazi bila amri. Amri hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inayoitwa pituitari. Waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge watanielewa haraka: korodani ni vibarua, pituitari ni nyapara. Vibarua wakichoka, nyapara hupiga kelele zaidi, na kelele hizo tunazipima kwenye damu kama homoni iitwayo LH. Testosteroni ikiwa chini na LH ikiwa juu, tatizo liko kwenye korodani: labda matumbwitumbwi yaliyozishukia mtu akiwa kijana, labda jeraha. Zote mbili zikiwa chini, nyapara ndiye aliyelala, na sababu naitafuta kwingine: unene, kisukari, prednisoloni ya muda mrefu, dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, au, mara chache, uvimbe kwenye tezi yenyewe. Kumchoma mtu sindano bila kujua kati ya hao wawili ni nani aliyesimamisha kazi ni kufunika ugonjwa.

Kitambi kina nafasi yake hapa, kwa maana mafuta ya mwilini hugeuza testosteroni kuwa homoni ya kike. Mzee akipunguza uzito, homoni yake hupanda yenyewe bila sindano. Pombe nayo huishusha. Kukoroma kwa kukatikakatika pumzi usiku pia huenda pamoja na homoni kuwa chini, na hili wake zao ndio wanaoniambia.

Sasa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Testosteroni hasa ni homoni ya hamu. Kusimama kwa uume ni kazi ya mishipa ya damu na ya fahamu. Mzee akiniambia anamtamani mkewe kama zamani ila jogoo hapandi mtungi, mawazo yangu huenda kwenye mishipa kabla ya korodani. Akiniambia hamu yenyewe imekufa, haoti, hawazi, na alfajiri hakuna kitu, hapo naanza kuifikiria homoni, na pia naifikiria sonona, msiba ambao haujapoa, deni linalomnyima usingizi.

Mishipa ndiyo ninayoiogopa. Mshipa wa damu wa uume una upana wa milimita 1 hadi 2. Ile inayolisha moyo ina kama 3 hadi 4. Kisukari, presha, sigara na mafuta mabaya huiharibu yote kwa pamoja, ila ule mwembamba hulalamika kwanza. Ndiyo maana mwanamume anaweza kukosa nguvu leo, na moyo ukaja kumbana miaka miwili mitatu, hata mitano, baadaye. Mzee wa miaka sitini na kitu kutoka Makorora au Muheza anayekuja kwa ajili ya nguvu za kiume, mimi nampima presha, sukari, mafuta ya damu, namuuliza kama kifua humbana akipanda ngazi. Wengi hushangaa. Walifuata dawa ya chumbani, wanatoka na jibu la sukari. Nasema kwa moyo wangu wote: hiyo ziara inaweza kumwokoa mtu na kiharusi, na ningependa kila mzee apunguze aibu na aje.

Baiskeli nayo huulizwa sana, kwa kuwa huu ni mji wa baiskeli. Endelea kuendesha, moyo wako unaihitaji. Ukihisi ganzi sehemu za siri, shusha au badilisha kiti, na simama juu ya pedali mara kwa mara.

Halafu kuna dawa ambazo sisi wenyewe tunawaandikia. Bendrofluazaidi, atenololi na propranololi, ambazo wazee wengi wanazitumia kwa presha au moyo, zinaweza kupunguza nguvu. Spironolaktoni huingilia homoni moja kwa moja. Finasteraidi ya tezi dume inaweza kupunguza hamu. Usiache dawa ya presha kwa sababu hiyo, maana presha isiyotibiwa huharibu mishipa ileile unayoililia. Njoo useme. Zipo nyingine, kama amlodipini na losatani, zisizo na sifa hiyo mbaya, na mara nyingi kubadilisha kunawezekana.

Huku kwetu siwezi kuzungumzia jambo hili bila kutaja busha. Pwani ya Tanga imeteseka na matende na mabusha kwa vizazi. Mpaka leo nakutana na mtu anayeamini busha lilimpata kwa kunywa madafu. Madafu hayana kosa. Busha la aina hii huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, nayo huziba na kuharibu njia za majimaji ya mwili kwa miaka mingi. Ndiyo sababu serikali imekuwa ikigawa ivermektini na albendazoli kwa watu wote, wagonjwa na wazima. Mzee mwenye busha kubwa mara nyingi ameacha tendo la ndoa kabisa, na huhesabu kwamba uanaume wake umekwisha. Ukimpima unakuta homoni yake iko sawa. Korodani iliyo ndani ya maji yale kwa kawaida bado inafanya kazi. Kilichotokea ni kwamba ngozi imevutwa, uume umemezwa, uzito unamuumiza, na aibu imemhamisha chumba. Upasuaji wa busha haumchukui muda mrefu hospitali, na nimewaona wanaume wakirudi kwenye ndoa zao baada yake bila kidonge wala sindano. Dawa ya minyoo haiondoi busha ambalo limeshakuwa kubwa, linataka kisu. Kama una baba au babu anayejificha ndani na kanzu pana, mwambie hivyo kwa adabu.

Kuhusu supu ya pweza, alkasusi, mkongo na vumbi la Kongo. Pweza ni chakula kizuri, kina protini na zinki, mnywe tu. Ila hakifungui mshipa ulioziba. Wasiwasi wangu uko kwenye unga na vidonge visivyo na jina la mtengenezaji. Mamlaka za dawa, ikiwemo ya Marekani, zimekuwa zikikuta sildenafili, dawa ya kusimamisha uume ambayo wengi huijua kama Viagra, ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba mitupu, tena kwa kipimo kisichojulikana. Sildenafili ni dawa halali, imekubaliwa tangu 1998, na hata mimi naiandika. Lakini mzee anayeweka kidonge cha nitreti chini ya ulimi kwa ajili ya kifua, akichanganya na sildenafili, presha yake inaweza kuporomoka akafa. Anayejua ameimeza atamwambia daktari. Aliyedanganywa kuwa amekunywa mizizi hatasema kitu, na daktari wa zamu atampa nitreti.

Tamaa ya kurudisha ujana kwa dawa ni ya zamani na haikuanzia kwetu. Mwaka 1889 Brown-Séquard, mwanasayansi mashuhuri aliyezaliwa Morisi, bahari hii hii yetu, alitangaza mjini Paris akiwa na miaka 72 kwamba amejichoma maji ya korodani za mbwa na simbilisi na amepata nguvu upya. Maji yale karibu hayakuwa na homoni yoyote. Alichokipata ni matumaini. Testosteroni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1935.

Wapo wanaoihitaji kweli, na hao sitaki waogope. Mtu mwenye dalili, na vipimo viwili vya asubuhi vilivyo chini, na sababu iliyotafutwa, matibabu humsaidia. Ila ajue ya kutarajia. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2016, wa wanaume 790 wenye miaka 65 na kuendelea, ulionyesha hamu na shughuli za tendo zikipanda kwa kiasi, na kusimama kwa uume kukiongezeka kidogo, pungufu ya kinachopatikana kwa sildenafili. Mwaka 2023 utafiti mwingine wa wanaume zaidi ya 5,000 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata ulionyesha kwamba homoni hii haikuongeza mshtuko wa moyo wala kiharusi, lakini mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda kwenye mapafu vilikuwa vingi zaidi kwa waliopewa. Damu pia inaweza kuwa nzito. Kwa hiyo kabla ya kuanza napima wingi wa chembe nyekundu za damu na PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, na narudia ndani ya mwaka wa kwanza. Chembe nyekundu zikipita asilimia 54 ya damu nasimamisha.

Mwenye saratani ya tezi dume asiiguse bila daktari wake. Wengi wao tumewaondoa korodani au kuwachoma sindano makusudi ili testosteroni ishuke, kwa sababu saratani ile huitumia kukua. Nimeona mtoto mwema akimnunulia baba yake sindano ya kuongeza nguvu huku baba yuko kwenye matibabu ya kuishusha.

Na wewe uliyeoa mke mdogo ukitaka mtoto, sikiliza vizuri. Testosteroni ya kutoka nje humfanya nyapara aache kutoa amri, na mbegu hupungua, pengine zikaisha kabisa kwa miezi. Sindano uliyochomwa ili upate mtoto ndiyo inayokunyima. Zipo njia nyingine za kuamsha korodani zenyewe, ila lazima useme mapema kwamba unataka mtoto.

Wazee wengi huletwa na vijana wao, na kwa haki hawawezi kusema haya mbele ya mtoto. Mimi humwambia kijana, "Mwanangu, tusubirie nje kidogo," na mlango ukifungwa maneno huanza kutoka. Ningefurahi zaidi kama mama angekuja naye. Mara kwa mara mzee hana ugonjwa mkubwa; mkewe amefika ukomo wa hedhi, anapata ukavu na maumivu, anakwepa, na mume ameyapokea yote kama kushindwa kwake. Ukavu huo una dawa: vilainishi vya maji, na krimu ya homoni ya kike ya kupaka ukeni, ambayo daktari wa akina mama ataiandika akishamchunguza. Wapo wanaume waliokuja kwangu kutafuta testosteroni, na aliyeondoka na dawa ni mke.