Tafeta ya Hariri: Kwa Nini Gauni la 1900 Huharibika Kabla ya Gauni la 1760

Tafeta ni kitambaa cha hariri kilichofumwa kwa njia sahili kabisa, uzi wa mshindio (unaokwenda kwa upana) ukipita juu ya uzi mmoja wa mtande (unaokwenda kwa urefu) na chini ya unaofuata, lakini nyuzi hubanwa hadi kitambaa kikakakamaa, kikang'aa na kuchakarisha kila mvaaji anapotembea. Katika karne ya 18, mafundi wa Lyon nchini Ufaransa na wa Spitalfields jijini London, ambako walikaa Waprotestanti wengi waliokimbia Ufaransa baada ya 1685, walifuma hariri za aina hii kwa ajili ya magauni, bitana na mapazia. Mtande ulipotiwa rangi moja na mshindio nyingine, kitambaa kilionekana kubadilika rangi kila kilipogeuzwa, na kwangu huo ndio uzuri wake mkubwa.

Wengi hudhani kwamba nguo kongwe zaidi ndiyo dhaifu zaidi, ilhali kwa tafeta mara nyingi mambo ni kinyume. Uzi wa kiwavi wa hariri umefunikwa na utomvu uitwao serisini, na ukichemshwa kwa sabuni ili ulainike hupoteza takriban robo ya uzito wake. Kwa kuwa hariri iliuzwa kwa uzito, viwanda vya mwishoni mwa karne ya 19 vilifidia upungufu huo kwa kuichovya tena na tena katika chumvi za madini ya bati, na wakati mwingine uzito ukazidi ule wa mwanzo. Mnunuzi alipata kitambaa kizito chenye kuanguka vizuri mwilini, asijue kwamba madini yaleyale yangeuozesha uzi, hasa ukipigwa na mwanga.

Dalili zake hazifichiki: mipasuko mirefu, iliyonyooka na kukaribiana, huanzia kwenye mikunjo, na ukiigusa, vipande vidogo vya hariri hubaki kidoleni. Uharibifu huu hauna tiba. Mhifadhi huweza tu kukiegemeza kitambaa juu ya hariri nyingine nyembamba.

Aliyerithi vazi kama hilo asilifue wala kulitundika. Alilaze kwenye boksi pana, ajaze karatasi laini isiyo na asidi ndani ya mikunjo, na aliweke mbali na jua. Makumbusho huonyesha hariri chini ya mwanga usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), tena kwa muda mfupi.