Fosansi haiko "bila maana"

Juzi kule Kadutu mama mmoja jirani yetu alitoa karatasi ya majibu ya mugonjwa wake akamupatia kijana mumoja anayesoma biolojia amusomee. Kijana akafika kwenye mustari wa "mutasyo fosansi, jeni TP53", akamuambia mama, fosansi ni kusema haina maana. Mama akashusha pumzi, akasema asante Mungu, basi haina neno. Nikabaki nashika kikombe ya chai mukononi, juu hii kitu nimeisikia mara mingi, hata kwa watu wa bluzi nyeupe, lakini siku ile njo niliona inafika fasi ya kumuumiza mutu.

Haraka tu: jeni ni maandishi, seli inayasoma herufi tatu-tatu, kila tatu inaita asidi amino moja, zikishikana mulolongo inakuwa protini. Protini ya TP53 inaitwa p53, iko na asidi amino 393, na kazi yake ni kusimamisha seli yenye DNA imeharibika ili itengenezwe ao ife, isiendelee kuzaana ikaleta kansere. Mutasyo ni maandishi hayo kubadilika, na ya fosansi ni herufi moja kubadilika mpaka asidi amino moja inaingia fasi ya ingine. Basi.

Sasa jina lenyewe. Kwa Kifaransa "fo" ni ya kukosea, "sansi" ni maana. Kwa hiyo ni kukosea maana, hapana kukosa maana, na kukosea na kukosa yanakaribiana mudomoni tu. Ile ya kukosa maana iko na jina lake, nonsansi: herufi inabadilika inakuwa alama ya "simama hapa", usomaji unakatika, protini inatoka kipande. Chukua "mama anapika". Nonsansi ni "mama ana", halafu kimya. Fosansi ni "mama anapiga": sentensi nzima, hakuna mutu atasema imekatika, lakini watoto watalala njaa. Na kuna ya tatu, ya kimya, ni kama kuandika mutu ao mtu, wote tunaelewa: herufi tatu AGG zikikuwa AGA bado zinaita asidi amino ile ile, arginini. Lakini zikikuwa AGT, arginini inatoka, asidi amino ingine, serini, inaingia.

Mufano huo wa AGT ni wa kweli, ni kodoni (kikundi cha herufi tatu) ya 249 ya TP53, na unatuhusu kabisa juu unaletwa na aflatoksini, sumu ya ule ukungu wa kijani-njano unaoota kwa karanga na mahindi yakiwekwa na unyevu. Mwaka 1991 watafiti waliandika kwamba wameukuta kwenye kansere ya maini ya wagonjwa wa China na wa kusini mwa Afrika. Asidi amino 392 zote ziko sawa, imebadilika paka moja, ila hiyo moja njo ilikuwa inashikilia umbo la fasi ile p53 inakamatia DNA. Ikitoka, fasi inalegea, mukono haukamati tena.

Tena p53 haifanyi kazi peke yake, zinashikana nne-nne, kama wanaume wanne wanabeba mugonjwa kwa kipoyi kushuka mulima. Kila mutu ana kopi mbili za jeni, ya baba na ya mama. Moja ikiwa nonsansi, wabebaji wanapungua lakini wanaokuja wote ni wazima. Moja ikiwa fosansi, wabovu nao wanakuja, wanafanana na wenzao, wanaingiza bega, na ukichanganya nusu kwa nusu, vikundi vyenye wote wanne ni wazima vinakuwa 1 tu katika 16.

Hata kwa mikroskopi inaonekana: wakipaka rangi ya kutafuta p53, uvimbe wa fosansi mara mingi viini vya seli vinajaa kahawia nzito, juu ile p53 mbovu haiondolewi haraka, inarundikana. Wa nonsansi mara mingi havishiki rangi. Wataalamu wenyewe ilibadanganya, p53 ilijulikana 1979 na kwa miaka kama kumi waliihesabu kati ya jeni zinazosukuma kansere, kumbe kopi walizokuwa nazo maabara zilikuwa na mutasyo, 1989 njo ikaonekana kwamba ile nzima ni mulinzi.

Kijana nilimuvuta pembeni, sikutaka kumuaibisha mbele ya wakubwa. Mudogo wangu, siku ingine sema "imebadilisha maana", hapo utakuwa sawa. Na mama nikamuambia pole pole, mama, karatasi haisemi haina neno, inaweza kuwa mulinzi yuko mulangoni lakini mikono yake haikamati, kesho rudi nayo kwa daktari akuelezee mutaanzia wapi.