Mbwa mwenye kisukari: pima chakula kama unavyopima sindano

Mbwa anayemaliza bakuli la maji na kutafuta jingine, anayekojoa ndani ya nyumba wakati zamani hakuwa na tabia hiyo, anayekula kwa pupa na bado mbavu zinahesabika, apelekwe kwa daktari wa mifugo apimwe sukari. Mbwa mzima hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 20 anatosheka na lita moja na kidogo. Akipita lita 2, kuna jambo. Wengi huchelewa kuletwa kwa sababu mwenye mbwa huona anakula vizuri, akadhani ni afya. Macho yakianza kufunga ukungu wa mtoto wa jicho, ugonjwa umeshakaa.

Kongosho la mbwa huyu, karibu kila mara, limeshindwa kutoa insulini ya kutosha. Ndiyo maana vidonge vya kisukari vya baba au bibi nyumbani havimsaidii, na hakuna chakula kitakachochukua nafasi ya sindano. Atadungwa insulini mara mbili kwa siku, maisha yake yote. Chakula kina kazi yake: dozi ni ileile kila siku, basi inachokikuta tumboni nacho kiwe kilekile. Ikikuta tumbo tupu, sukari inaporomoka na mbwa anaweza kuzimia. Ikikuta bakuli la nyongeza, sukari inapanda na kiu inarudi.

Kwa saa, Kiswahili kimetupunguzia kazi: saa moja asubuhi, saa moja jioni. Saa 12 zimekamilika. Milo iwe miwili, sawa kwa sawa, na mbwa ale kwanza ndipo adungwe. Akila nusu tu, wengi huagizwa kutoa nusu ya dozi. Mwombe daktari akuandikie agizo lake mapema, usisubiri siku yenyewe. Asipokula kabisa au akitapika, usidunge kabla ya kuongea na daktari. Na usikae siku mbili ukingoja apate hamu, maana mbwa wa kisukari asiyekula, anayetapika na kunyong'onyea, pengine pumzi yake ikinuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, yuko hatarini siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye sufuria. Mbwa wengi wa Kampala na miji mingine hulishwa posho (ugali wa mahindi) na mukene (dagaa wa ziwani), au posho na mapafu ya ng'ombe kutoka bucha. Posho yenyewe si sumu, lakini ni wanga unaogeuka sukari upesi, na tena haina kipimo: leo imesongwa ngumu, kesho imelegea kwa maji. Gramu 300 za leo si gramu 300 za kesho. Ukiamua kuendelea nayo, pima unga mkavu kwa mizani ya jikoni kabla haujaingia kwenye maji, na uchanganye na kitu chenye nyuzinyuzi, kwa sababu nyuzinyuzi huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Mukene nayo ioshwe kwa maji mengi mara tatu au nne. Ile inayoanikwa juu ya mchanga ufukweni huja na mchanga wake.

Mfano kwa mbwa wa kilo 20 aliyehasiwa, asiye mnene wala mkondefu: anahitaji takriban kilokalori 1,000 kwa siku. Gramu 250 za nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, gramu 200 za maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha na kuchemshwa hadi yakapondeka, gramu 200 za viazi vitamu vya kuchemsha, gramu 150 za dodo (mchicha) au kabichi, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti. Vyote vipimwe vikiwa vimeiva, bila chumvi wala kitunguu, kisha ugawe mara mbili. Nyama tupu haina kalisi ya kutosha, kwa hiyo ongeza nusu kijiko cha chai cha unga wa maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa laini. Hata hivyo mlo huu bado una mapengo ya zinki, iodini na vitamini kadhaa. Daktari ataongeza mchanganyiko wa madini. Badilisha chakula polepole kwa siku 7 hadi 10, na daktari ajue, maana dozi huenda ikabadilika pia. Aliyekonda sana asijazwe mboga, atashiba kabla ya kupata nguvu.

Mafuta ndiyo adui asiyetajwa. Ngozi ya nguruwe, kipande cha rolex (chapati iliyokunjwa na mayai), mabaki ya nyama choma: hivi vinaweza kuvimbisha kongosho ambalo tayari ni bovu, na mbwa anaanza kutapika huku sindano inamngoja. Kibaya zaidi ni peremende au bazoka "isiyo na sukari". Mtu humpa kwa nia njema. Nyingi zina xylitol, kitia utamu badala ya sukari, ambayo kwa mbwa hushusha sukari ghafla na kuweza kuharibu ini. Asionje kabisa.

Nyumbani kwenye watu wengi, kosa huwa ni mikono mingi. Askari wa usiku anamtupia mfupa, dada wa kazi anampa mabaki, mtoto anampa biskuti, halafu mtu wa pili anadunga bila kujua kuwa wa kwanza amedunga. Bandika karatasi kwenye mlango wa friji: tarehe, saa, amekula kiasi gani, nani amedunga. Usipokuwa na hakika kama amedungwa, usirudie. Kukosa sindano moja ni afadhali kuliko kudungwa mbili. Mbwa naye asiachwe kuzurura kwenye majalala.

Bomba la sindano lilingane na chupa. Insulini ya famasi za binadamu huwa na vizio (units) 100 kwa mililita, na baadhi ya zile za mifugo zina 40. Ukivuta ya 100 hadi alama ya 10 kwenye bomba la 40, umempa vizio 25.

Sukari ikishuka utamwona anayumba kama mlevi, anatetemeka, haitikii jina, au anapata degedege. Paka asali au glukosi ya unga iliyolowanishwa kwenye fizi, upande wa nje wa meno, na usipitishe vidole katikati ya meno. Usimmiminie kitu kooni. Akizinduka, mpe chakula chake na mwende kliniki.

Jike asiyefungwa kizazi ana tatizo lake peke yake. Majuma baada ya kupata joto la kutaka dume, homoni zake huizuia insulini kufanya kazi, na sukari hupanda ingawa bakuli na dozi havijabadilika. Usimpunguzie chakula kwa hilo; panga na daktari siku ya upasuaji.