Uhalali wa dini: nani hupima, na kwa kipimo gani?

Miili ya waumini waliodaiwa kufunga kula hadi kufa ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, Aprili 2023, wengi waliuliza kwanza: kanisa hili lilikuwa limesajiliwa? Jibu ni ndiyo. Usajili wa Good News International, kanisa la mhubiri Paul Mackenzie, ulifutwa Mei 2023, makaburi yakiwa yameshafunguliwa na hesabu ya waliokufa ikielekea kupita 400. Mackenzie, ambaye ameyakana mashtaka mahakamani, alidai kanisa alishalifunga mwaka 2019. Katika daftari la serikali jina lilikuwa bado lipo.

Swali lile la usajili linaonyesha jinsi tunavyoliweka neno “halali” mahali pasipo pake. Mtu akiuliza kama dini fulani ni halali, huenda anataka kujua kama serikali inaitambua. Huenda anataka kujua kama mafundisho yake ni ya Kikristo au ya Kiislamu kweli. Huenda anauliza kama kiongozi wake anaamini anachohubiri au ni tapeli tu. Na mama ambaye binti yake ameacha chuo akahamia kambini kwa nabii anauliza jambo jingine kabisa: mwanangu yuko salama? Hayo ni maswali tofauti, kila moja lina mpimaji wake, na jibu la moja halifai kubebeshwa mengine.

Tuanze na la serikali, maana ndilo jepesi. Tanzania Bara, jumuiya ya dini husajiliwa na Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Kenya nayo ina sheria yake ya jumuiya na msajili wake. Msajili hutazama katiba ya kikundi, majina ya viongozi, anwani, malengo yaliyoandikwa. Hapimi kama Mungu amesema na mwanzilishi, na hatakiwi kupima. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na ibara ya 8 ya Katiba ya Kenya inasema nchi haitakuwa na dini ya taifa. Cheti cha usajili basi ni sawa na leseni ya duka iliyobandikwa ukutani: inakuambia mwenye duka anajulikana, haikuambii unga wake hauna wadudu.

Na serikali ikiamua kupima zaidi ya hapo, mara nyingi hupima usalama wake yenyewe. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, iliyoanzia kwa Wabukusu karibu na Mlima Elgon, ilipigwa marufuku na Waingereza mwaka 1948 kwa sababu ilichanganya ibada za mababu na wito wa kuwafukuza wazungu. Uhuru ulipokuja ikaruhusiwa, na mwaka 1968 serikali ya Kenya huru ikaipiga marufuku tena. Tukifuata karatasi tu, dini ileile ilikuwa haramu, ikawa halali, ikarudi kuwa haramu, ilhali waumini wake hawakuhama kwenye imani yao.

Ndani ya dini zenyewe mizani ni nyingine. Katika tarika, yaani njia za Kisufi, za pwani yetu, shehe huulizwa ijaza: nani amekuruhusu kusomesha na kuongoza dhikiri, na yeye aliruhusiwa na nani, mpaka silsila, yaani mnyororo wa walimu, imfikie Mtume. Ndiyo njia ambayo Shehe Uways wa Barawa, Somalia, aliyeieneza tarika ya Qadiriya Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, alijulikana kuwa si mzushi wa njiani. Kanisa Katoliki na Waanglikana wana mnyororo wao wa maaskofu na kuwekewa mikono. Makanisa mengi ya kiroho ya leo hayana mnyororo wowote. Yana wito: mchungaji aliota, alipona, aliitwa akiwa shambani. Mwanasosholojia wa Ujerumani Max Weber aliyagawa mamlaka kwa namna inayolingana na hali hii: yapo yanayotegemea mapokeo, yapo yanayotegemea sheria na vyeo, na yapo yanayotegemea karama ya mtu mmoja. Ugomvi mwingi kuhusu “manabii wa uongo” unatokana na hapo. Mwenye mapokeo anamdai mwenye karama hati ambayo huyo wa pili hajawahi kuiona kuwa na maana.

Hata hivyo kila dini ina haki ya kusema ni nani aliye ndani na ni nani aliye nje ya mafundisho yake. Tatizo huanza hukumu hiyo ikipewa meno ya dola. Waahmadiya wanajiita Waislamu; Waislamu walio wengi wanasema imani ya nabii baada ya Mtume Muhammad imewatoa katika Uislamu. Afrika Mashariki mgogoro huo uliendeshwa zaidi kwa kalamu: Mubarak Ahmad wa Waahmadiya alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1953, naye Shehe Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar akatoa yake, iliyokamilika 1969, akipinga tafsiri ile. Hoja ikajibiwa kwa hoja, na wasomaji wakapata vitabu viwili. Pakistan ilichukua njia nyingine: mwaka 1974 bunge lilirekebisha katiba na kutangaza kuwa Waahmadiya si Waislamu. Bunge likawa mufti.

Mfano unaofundisha kuliko yote, kwa maoni yangu, uko Kongo.

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba mwaka 1887, akawa katekista wa Wabatisti. Aprili 1921 habari zilienea kwamba amemponya mwanamke mgonjwa kwa kumwekea mikono. Watu wakaacha kazi za wazungu, wakaacha hospitali za misheni, wakamiminika Nkamba. Alihubiri mke mmoja, alikataza hirizi na ngoma za zamani, mambo ambayo mmisionari yeyote angeyapigia makofi. Lakini alikuwa Mwafrika mwenye umati, asiyeongozwa na mtu, na Wabelgiji hawakutaka kujua zaidi ya hapo. Septemba alijisalimisha. Oktoba mahakama ya kijeshi ya Thysville, Mbanza-Ngungu ya leo, ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert alibadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akapelekwa Elisabethville, yaani Lubumbashi, akakaa gerezani mpaka alipofariki Oktoba 1951. Miaka 30 jela kwa huduma iliyodumu miezi michache.

Wafuasi wake walihamishwa makwao kwa maelfu. Mkewe, Marie Muilu, aliishika imani kwa siri, na mwanawe Joseph Diangienda akaipa muundo wa kanisa. Desemba 1959, miezi sita kabla ya uhuru, serikali ileile ya Wabelgiji ikalitambua. Mwaka 1969 likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, likiwa miongoni mwa makanisa ya kwanza yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe kufika pale. Hapo mtu angesema hadithi imeisha vizuri: walioitwa waasi wamethibitishwa kuwa Wakristo halisi.

Haikuishia hapo. Ndani ya kanisa heshima kwa mwanzilishi ilikuwa ikipanda. Wengi waliamini kwamba Kimbangu ndiye Roho Mtakatifu, na kwamba mwanawe Dialungana, aliyezaliwa Mei 25, 1916, ni Kristo aliyerudi. Krismasi ikahamishiwa Mei 25. Maaskofu Wakatoliki wa Kongo wakavunja ushirika nao mwaka 2004, na mwaka 2021 Baraza la Makanisa Ulimwenguni likakoma kulihesabu kuwa mwanachama, kwa sababu imani yake juu ya Utatu haikulingana tena na msingi wa Baraza. Wakati huohuo dola ilikuwa inakwenda upande wa pili. Tangu 2023, Aprili 6 ni sikukuu ya taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa heshima ya mapambano ya Kimbangu.

Sasa niambie, kanisa la Kimbangu ni halali? Kwa dola ya 1921, hapana. Kwa dola ya leo, ni halali kiasi cha kufunga ofisi za serikali siku yake. Kwa makanisa mengine, halikuwa, likawa, halipo tena. Sioni kwamba Baraza lilikosea mwaka 1969 wala mwaka 2021. Lina kipimo chake kilichoandikwa, na kanisa lilikifikia kisha likakiacha. Kosa la kweli ni la ile mahakama ya Thysville, iliyochukua hofu ya kisiasa ikaivika joho la hukumu juu ya dini. Na hakuna lolote kati ya hayo linalomwambia mzazi wa Kinshasa kama mtoto wake yuko salama katika kwaya ya Wakimbangu. Kwa hilo itabidi aende akaangalie.

Vipi kuhusu unyofu wa kiongozi? Mahakama Kuu ya Marekani ililikuta swali hili mwaka 1944 katika kesi ya familia ya Ballard, viongozi wa kikundi kilichodai uwezo wa kuponya, walioshtakiwa kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu kupitia posta. Walio wengi kati ya majaji waliamua kwamba baraza la wazee wa mahakama haliruhusiwi kuamua kama imani hiyo ni ya kweli. Jaji Robert Jackson alipinga akienda mbali zaidi: utajuaje kama mtu anaamini kweli anachosema bila kujiuliza kwanza kama jambo hilo linaaminika? Angetaka serikali isiguse kabisa ukweli wala unyofu wa imani ya mtu. Namwelewa, ingawa mtu aliyeuziwa chumvi ya baraka kwa mshahara wa mwezi mzima huenda asimwelewe. Tena unyofu wenyewe si kinga. Kiongozi anayeamini kabisa kwamba njaa itampeleka muumini mbinguni ni wa hatari kuliko tapeli, kwa kuwa tapeli humtaka muumini awe hai mwezi ujao ili alete sadaka.

Wengine huegemea muda. Katika Matendo ya Mitume, Gamalieli analishauri baraza liwaache mitume: kazi ikiwa ya binadamu itavunjika yenyewe. Ni shauri zuri kwa mwenye nafasi ya kungoja. Kumbukumbu la Torati nalo linatoa kipimo cha utabiri usiotimia. Lakini Oktoba 22, 1844, wafuasi wa William Miller huko Marekani walimngoja Kristo na hakuja. Sehemu yao wakalisoma andiko upya, wakasema tukio lilikuwa mbinguni, na kutoka kwao wakatokea Waadventista Wasabato, wenye shule na hospitali kutoka Kisii hadi Mara. Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mwisho wa dunia ulitarajiwa Desemba 31, 1999. Haukuja. Machi 17, 2000, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Utabiri ulishindwa kote kuwili, na haukumwambia yeyote nini kinafuata.

Basi linabaki lile la mama, nalo halihitaji shahada ya dini kulijibu. Vilemba vyeupe vya Wakorino, waumini wa dhehebu moja la Kenya, kucheza ngoma usiku, kunena kwa lugha, kukataa nyama: hayo ni mambo ya watu na imani yao. Tazama mengine. Mtu akitaka kuondoka, anaondoka, au anafuatwa? Ameuza shamba na pesa zimeingia mkononi mwa nani? Ndugu wakija kumtembelea wanaachwa naye peke yao? Kanungu waumini waliuza mali zao, wakatenganishwa na familia, na wakakatazwa hata kusema, wakawasiliana kwa ishara. Mtu asiyesema hawezi kulalamika. Malindi, lilikokuwa kanisa la Mackenzie, watoto walikuwa wameondolewa shuleni na wagonjwa wakikatazwa hospitali miaka kadhaa kabla ya msitu, na mwaka 2017 Mackenzie alikuwa ameshafikishwa kortini kwa mambo ya aina hiyo. Shule tupu na mgonjwa asiyetibiwa vinaonekana kwa mwalimu mkuu, kwa mzee wa mtaa, kwa daktari wa zahanati. Hakuna kati yao anayehitaji kujua Ufunuo wa Yohana unasemaje.

Ndiyo maana nina shaka na dawa inayopendwa sasa, ya kuwadai wahubiri vyeti vya masomo. Rwanda ilifunga mamia ya makanisa Kigali mwaka 2018, kisha ikatunga sheria inayowataka wahubiri wawe na shahada ya theolojia, na Kenya baada ya Shakahola nayo ikajadili masharti ya elimu. Ukaguzi wa majengo na hesabu za fedha nauunga mkono. Shahada siioni itakamata nini. Dominic Kataribaabo, mmoja wa viongozi wa Kanungu, alikuwa padri Mkatoliki aliyesomea shahada ya uzamili ya masuala ya dini katika chuo kikuu cha Los Angeles. Na kikundi chao, pale Uganda, kilikuwa kimesajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali.