Je, wajua kwa nini maji ya bwawa la upepo hugeuka kijani siku ya tatu?

Jumamosi asubuhi tulilijaza. Ni bwawa la watoto la kujaza upepo, la duara, upana wake mita 1.8, na tuliliweka uani hapa Tabata karibu na mwembe. Maji yalikuwa meupe, michoro ya samaki iliyo chini ikionekana yote. Jumatatu jioni mtoto wa kaka yangu alitumbukiza mguu akautoa upesi. "Shangazi, mbona yana utelezi kama mlenda?"

Alisema kweli. Kuta zilikuwa zimeshika utelezi na maji yameanza ukijani. Na Jumamosi ile nilikuwa nimetia klorini, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe ambayo wengi tunaiita jiki. Sasa ilikwenda wapi?

Ilikwisha. Klorini ndani ya maji ni kama yuniti za umeme wa LUKU: hata ukiwa umelala, kuna kitu kinazila. Inaua vijidudu kwa kujitoa yenyewe. Kila inapokutana na bakteria, jasho, jani au vumbi, inavishambulia na kuishia hapo hapo. Ukitia Jumamosi na usiongeze, kufika Jumapili una maji matupu.

Mlaji wa kwanza ni jua, na jua la Dar halihitaji maelezo. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba, jua la mchana hupita utosini kabisa. Mionzi yake huvunja klorini na kuiacha chumvi tu. Katika maji ya wazi, saa za mchana, nusu ya klorini yaweza kupotea chini ya saa moja. Bwawa la upepo lina kina cha sentimita 30 hivi, kwa hiyo mionzi hufika hadi chini. Hakuna pembe ambayo klorini itajificha. Ndiyo maana dawa inayotiwa asubuhi, watoto wakaingia saa nane mchana, haijawasaidia kitu.

Mlaji wa pili ni sisi wenyewe, na hapa ningependa tupige hesabu pamoja. Bwawa la mita 1.8 lenye maji ya kina cha sentimita 30 linachukua lita 760 hivi. Wakiingia watoto sita, kila mmoja ana lita zisizozidi 130, yaani madumu sita na kidogo ya lita 20. Sasa chukua bwawa la kuogelea la mita 25 kwa 12.5 lenye kina cha wastani cha mita 1.5. Lina lita zaidi ya 460,000. Hata wakiingia watu 50 kwa pamoja, kila mmoja ana zaidi ya lita 9,000. Uchafu wa mwili mmoja ni ule ule: jasho, mafuta ya kujipaka, mchanga wa miguuni, na mkojo, kwa sababu watoto ni watoto. Kinachotofautiana ni maji ya kuubeba. Bwawa dogo si bwawa kubwa lililopunguzwa. Ni karibu na beseni la kuogea ambalo watu sita wanalitumia kwa zamu moja.

Mkojo na jasho vina naitrojeni. Klorini ikikutana nayo huzaliwa vitu viitwavyo kloramini, na hizo ndizo zinazonuka na kuwasha macho. Wengi tukisikia harufu kali bwawani tunasema dawa imezidi. Mara nyingi ni kinyume chake: klorini iliyo huru, ile yenye uwezo wa kuua, imekwisha, na kinachonuka ni mabaki ya vita. Maji yaliyotunzwa vizuri hayanuki hivyo.

Klorini ikishakwisha, mwani mdogo sana usioonekana kwa macho unapata kila unachotaka: mwanga, joto, na mbolea kutoka kwenye jasho, mkojo na majani yaliyodondoka. Unaongezeka maradufu tena na tena ndani ya siku chache, na huo ndio ukijani wa siku ya tatu.

Lakini kuna jambo ambalo nililielewa baadaye sana, nalo ni la pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji: namba ikipanda, uchachu unapungua. Unaweza kuwa na klorini ya kutosha na bado isifanye kazi. Ukiimimina majini hugawanyika katika hali mbili. Moja ni asidi ya haipoklorasi, haina chaji ya umeme, hivyo hupenya ukuta wa bakteria bila kizuizi. Nyingine ni ioni ya haipokloraiti, ina chaji hasi, na kwa kuwa ngozi ya bakteria nayo ina chaji hasi, vinasukumana. Ya kwanza inaua haraka, ya pili inajikokota. Kinachoamua ipi itakuwa nyingi ni pH. Ikiwa 7, karibu robo tatu ya klorini iko katika hali kali. Ikiwa 7.5, ni nusu kwa nusu. Ikifika 8, imebaki kama robo. Kwa hiyo dawa ile ile, kijiko kile kile, inapoteza sehemu kubwa ya nguvu kwa sababu tu maji yamepanda pH. Na jiki yenyewe ni ya alkali, yaani kinyume cha asidi, hivyo kila unapoiongeza unaisogeza pH juu kidogo. Lenga kati ya 7.2 na 7.8, na klorini huru miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Karatasi za kupimia zinazobadilika rangi zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya mabwawa, na kwangu mimi hizo ni za lazima kuliko dawa yenyewe. Bila kipimo unabahatisha kwenye macho ya mtoto.

Maji ya Dar nayo yana tabia zake. Ya bomba, yanayotoka Mto Ruvu, huja na klorini kidogo, ingawa yakikaa kwenye simtanki siku kadhaa inapungua. Ya kisima hayana kabisa, na karibu na bahari mara nyingi ni magumu au yana chumvi. Kama kisima kina madini ya chuma utashangaa: maji meupe kabisa, ukitia klorini yanageuka rangi ya chai. Hayajaharibika. Ni chuma kilichokuwa kimeyeyuka kikashika kutu mbele ya macho yako, na kimeila klorini yako kwa kazi hiyo. Wakati wa masika, maji yakija na tope, tia shabu kwenye pipa, koroga, acha yatulie, kisha chota ya juu. Klorini haifanyi kazi vizuri kwenye tope, maana vijidudu hujificha ndani ya chembe za udongo.

Basi kiasi gani? Soma kibandiko. Jiki isiyo na manukato wala sabuni, yenye asilimia 3.5 ya haipokloraiti ya sodiamu, kwa bwawa la lita 760 unahitaji mililita 43 hivi kufikia miligramu 2 kwa lita. Hiyo ni vijiko vikubwa vitatu, si kikombe. Changanya kwanza kwenye ndoo ya maji, zungusha bwawani jioni jua likishazama, watoto wakiwa nje. Hapo dawa inapata usiku mzima wa kufanya kazi bila mionzi. Asubuhi pima. Usiweke vile vidonge vikubwa vya gramu 200, vimetengenezwa kwa mabwawa ya makumi ya maelfu ya lita. Na usiichanganye jiki na siki, limau wala dawa ya choo yenye asidi: inatoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kama silaha vitani huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915.

Hata hivyo, kwa bwawa unaloweza kulimwaga, ushauri wangu wa moyoni ni huu: limwage kila siku baada ya kuoga, lisugue, lianike likauke, kisha liache juani saa nne zaidi. Lita 760 ni nyingi, hasa kwa anayenunua maji ya boza, na waliokuwa Dar mwezi Oktoba 2022 wakati Ruvu ilipopungua na mgawo ukaanza wanajua maana yake. Kwa hiyo jaza kidogo. Sentimita 15 zinawatosha watoto wadogo kurushiana maji, na zimepunguza gharama nusu. Mkae nao hapo hapo kila dakika, maana mtoto mdogo huzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Mtoto anayeharisha asiingie kabisa. Kuna kimelea kiitwacho Cryptosporidium kinachoweza kuishi zaidi ya siku 7 hata kwenye maji yenye klorini sahihi, kwa hiyo hapo hakuna kijiko kitakachokuokoa. Maji unayomwaga, kama ni ya bomba na yamekaa juani siku nzima bila kuongezwa dawa, mwagilia mchicha au mgomba.

Msimu ukiisha na unalikunja bwawa kulihifadhi, sugua kuta zote, hasa mstari ulio juu kidogo ya usawa wa maji. Mbu wa dengi, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hutaga hapo, na mayai yake yanavumilia ukavu kwa miezi. Dar ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Yai likikunjwa pamoja na plastiki, likawekwa stoo, siku utakayolijaza tena maji litaanguliwa, na katika joto letu mbu mzima anaruka baada ya wiki moja hivi.