Purdue 1943: Timu Iliyosajiliwa na Jeshi la Wanamaji

Nikifundisha historia ya michezo ya vyuo vya Marekani, msimu unaozua maswali mengi kuliko yote ni wa Purdue, chuo kikuu cha jimbo la Indiana. Mwaka 1942 timu yao ya futiboli ya Kimarekani ilicheza mechi 9 ikapoteza 8. Mwaka 1943 ikacheza tena 9, chini ya kocha yuleyule, Elmer Burnham, ikashinda zote. Wanafunzi huuliza kocha alibadilisha nini. Nami huwajibu: waulizeni wanamaji.

Tarehe 1 Julai 1943 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilianzisha mpango ulioitwa V-12. Vijana walivalishwa sare na kupelekwa katika vyuo 131 kusomea uofisa kwa gharama ya serikali. Walipiga gwaride, walisoma hesabu na fizikia, na waliruhusiwa kuchezea timu ya chuo walichopangiwa, kwa kuwa wakubwa wa jeshi hilo waliona mchezo wa kugongana unamkomaza ofisa. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na mpango wake vyuoni, ila lenyewe lilisema ratiba ya masomo imebana mno: marufuku kuchezea timu ya chuo. Kwa maoni yangu msimu wa 1943 uliamuliwa hapo, kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa.

Tazama Ohio State. Mwaka 1942 walikuwa mabingwa wa taifa chini ya Paul Brown, mmoja wa makocha wakubwa kabisa katika historia ya mchezo huu. Chuo chao kilikuwa na vijana wa jeshi la nchi kavu. Msimu uliofuata Brown alibaki kupanga watoto wa miaka 17 ambao bado hawajaitwa jeshini, akashinda mechi 3 na kupoteza 6. Purdue iliwachapa 30-7. Ujuzi wa Brown haukuwa umeyeyuka, alikosa watu.

Purdue nayo ilipata watu, tena wa jirani. Wachezaji wa Chuo Kikuu cha Illinois waliojiandikisha katika kikosi cha Marine, kilicho chini ya wanamaji, walipangiwa kusoma Purdue. Miongoni mwao alikuwa Alex Agase, jabali la mstari wa mbele, na Tony Butkovich, mkimbiaji mwenye nguvu za trekta. Illinois walipokutana na wachezaji wao wa jana walifungwa 40-21. Hakukuwa na ada ya uhamisho wala barua ya kuomba ruhusa. Michigan nao walineemeka hivyohivyo: Elroy Hirsch aliwafikia kutoka Wisconsin, na mwisho wa msimu wakagawana na Purdue ubingwa wa Big Ten, ligi ya vyuo hivyo.

Ila mwenye mali, yaani jeshi, aliweza kuichukua wakati wowote. Butkovich alicheza mechi 4 tu za ligi, akavuka mstari wa wapinzani mara 13, kila mara pointi 6, yaani pointi 78. Baada ya Wisconsin kuchapwa 32-0, muhula ukaisha na amri ikaja: aende mafunzoni. Matokeo yaliyofuata yanaonyesha pengo lake: Minnesota 14-7, Indiana 7-0. Notre Dame, mabingwa wa taifa mwaka huo, walipatwa na jambo hilohilo. Angelo Bertelli aliwaongoza katika mechi 6, akaitwa na Marine, na bado akapewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo.

Kuna kisa cha kando siwezi kukiacha. Mwaka 1942, kwa sababu ya uhaba wa petroli na matairi, wanafunzi wa West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu, hawakuruhusiwa kusafiri hadi Annapolis, kwenye chuo cha maofisa wa wanamaji, kwa mechi ya watani: timu zao Army na Navy. Basi sehemu ya wanafunzi wa Navy wakaamriwa kukaa upande wa pili na kuishangilia Army. Hebu fikiria shabiki wa Simba apewe amri ya kuimba nyimbo za Yanga dakika zote!

Mwaka 1944 mambo yakageuka. Purdue ilishinda 5 na kupoteza 5. Ohio State ikamrudisha Les Horvath, mwanafunzi wa udaktari wa meno ambaye mwaka wa nyuma mpango wa jeshi la nchi kavu ulikuwa umemzuia kucheza. Wakashinda mechi zote 9, na Heisman ikawa yake.

Wapo wanaotaka matokeo ya 1943 yawekewe alama ya pembeni, kuonyesha kuwa hayahesabiki kama ya kawaida. Sikubaliani nao. Waliocheza walicheza kweli, na hakuna aliyechagua sare yake kwa ajili ya futiboli. Butkovich alichaguliwa na Cleveland Rams, timu ya wachezaji wa kulipwa, katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wa vyuo mwaka 1944. Hakuwahi kuwachezea: aliuawa Okinawa, Aprili 1945. Agase alijeruhiwa kwenye vita hivyo vya Pasifiki, akapona, akarudi kuichezea Illinois, na mwaka 1973 Purdue ikamwajiri kuwa kocha mkuu.