Tunamjua samaki wa sufuria: dhana potofu kuhusu tangi dogo la samaki wa urembo

Mwambie mtu wa Mwanza kwamba hajui samaki, umemtukana. Amekua na harufu ya soko la samaki la Mwaloni puani, na sato na ngege anawatofautisha hata wakiwa wameshakaangwa. Lakini huyo ni samaki wa sufuria. Yule wa kwenye kioo, anayetakiwa aishi sebuleni miaka mitatu kati ya televisheni na feni, ni habari nyingine kabisa, na naona sisi wa kando ya Ziwa Victoria ndio tunaomkosea zaidi kwa sababu tunajiona tunamjua.

Tangi langu hapa Nyegezi lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30. Likijaa mpaka juu ni lita 54, pungufu kidogo ya ndoo tatu za lita 20. Ndilo tangi dogo ninalolizungumzia. Wageni wakilitazama, maneno yao ni yaleyale kila mwaka.

"Weka samaki wa ziwani, wameshazoea maji yetu"

Mpwa wangu alikuja siku moja na ndoo, amejaa furaha. "Mjomba, shikamoo, nimekuletea sato." Walikuwa watano, urefu wa kidole, wazuri kwelikweli. Nilipomuuliza kawatoa wapi, akacheka na kuangalia pembeni. Sato wa ziwani chini ya sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa, kama ambavyo sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi, kwa hiyo zawadi ilianza na kosa.

Hata kama vifaranga hao wangetoka kwa mfugaji halali, bado wasingefaa. Sato hupita sentimita 30 bila shida. Dume akipevuka huchimba shimo mchangani la kuzalia, na kwenye tangi langu shimo hilo lingekuwa tangi zima. Mimea angeila. Wenzake angewapiga mpaka wajibanze kwenye kona.

Sangara sitamjadili, huyo hufika karibu mita mbili. Kambare naye anakula kila kinachoingia mdomoni, na usiku anaweza kuruka nje, umkute asubuhi chini ya kochi, hai bado, maana anavuta hewa ya juu. Kamongo vilevile, na meno anayo.

Basi dagaa, si mdogo? Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mwili mdogo haumaanishi tangi dogo. Dagaa ni samaki wa makundi makubwa kwenye maji ya wazi, anayepanda juu usiku, ndiyo maana wavuvi wanamfuata na taa usiku usio na mwezi. Ni laini mno. Mkamate kwa mkono umhamishie kwenye ndoo, na kabla hujafika nyumbani ameshageuka tumbo juu.

Anabaki furu, na kwa furu nitakaa kidogo, kwa sababu ndiye samaki anayeniuma moyo. Ziwa hili lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500, nyingi hazipatikani mahali pengine duniani. Sangara aliingizwa miaka ya 1950, akafumka miaka ya 1980, na takriban aina 200 za furu zinahofiwa kuwa zimepotea. Watu wa Ulaya na Marekani wanawafuga kwa heshima kubwa, wakati hapa kwetu tunamwita takataka ya wavu au chambo. Mmoja wao, dume mwekundu mwenye mistari myeusi ubavuni, kisayansi anaitwa Pundamilia nyererei. Jina la mbele ni Kiswahili chetu hichihichi, na la nyuma ni la Mwalimu. Hilo la nyuma alipewa mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alioachia urais.

Sasa, kwa nini asiingie kwenye lita 54? Kimo anacho cha kufaa, hata kiganja hajazi. Shida ni tabia. Dume wa furu ana himaya yake, jiwe lake na mpaka wake, na dume mwingine akisogea ni vita. Ziwani anayeshindwa anakimbilia jiwe la jirani. Kwenye kioo hakuna jirani, kuna kona, na konani atafia. Wanaowajua wanaweka dume mmoja na majike kadhaa kwenye tangi la lita 200 au zaidi, lenye mawe ya kujificha.

Kuna na jambo la rangi. Jike wa furu anamchagua dume kwa kumwona. Utafiti uliofanyika kwenye maji yetu na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba pale maji yalipochafuka, majike hawatofautishi tena madume wekundu na wabluu, na aina zinachanganyika. Ukiweka aina mbili za karibu pamoja, majike wachache, unaweza kupata hayohayo sebuleni: watoto ambao si huyu wala si yule. Mimi furu nawatazama ziwani.

"Samaki hukua kulingana na chombo"

Hii nimeambiwa na muuza duka, uso kwa uso, akiniuzia samaki wa dhahabu wawili wenye urefu wa sentimita nne. Samaki hakui kwa adabu ya chombo. Anadumaa kwa sababu maji yake yamejaa uchafu wake mwenyewe na hana pa kuogelea; mgongo unaweza kupinda, na anakufa mapema. Sisi tunaona amebaki mdogo, tunafurahi.

Samaki wa dhahabu ni ukoo mmoja na kapu wa mabwawani. Akitunzwa vizuri anafika sentimita 20 na zaidi, anaishi miaka 10 mpaka 20, na anachafua maji kuliko samaki wengi wa ukubwa wake. Tena anapenda maji ya ubaridi. Huyo ni samaki wa bwawa la uani, na bakuli la mviringo unaloliona kwenye katuni ni mateso yenye kioo. Kwa hiyo dukani usiulize ana ukubwa gani leo. Uliza akizeeka atakuwa na ukubwa gani, na muuzaji akisita, tafuta jina lake mwenyewe kabla hujatoa pesa.

"Beta anatosha kwenye glasi"

Beta, yule samaki mpiganaji wa mapezi marefu, anavuta hewa juu ya maji, hilo kweli, na kwao Asia ya Kusini-Mashariki anaishi kwenye mashamba ya mpunga. Watu wakasikia "maji ya kina kifupi" wakaelewa "maji kidogo". Shamba la mpunga tunalijua, Magu na Misungwi yapo: maji yanakufika kwenye kifundo cha mguu, lakini yametanda mpaka macho yanachoka. Mpe walau ndoo moja, lita 20, na mfuniko, kwa sababu anaruka. Dume mmoja tu. Wawili watauana.

Anataka pia maji ya joto, nyuzi 25 hivi kwenda juu. Mwanza mchana hakuna tatizo, ila usiku wa Juni na Julai baridi inashuka. Ukiona alfajiri maji yamepoa chini ya 23, hita ndogo itamsaidia. Gapi, samaki wadogo wa rangi nitakaowarudia mbele, hawana makuu hayo.

"Maji yakichafuka, mwaga yote, osha kila kitu"

Hapa nina makaburi. Tangi langu la kwanza nililiosha Jumamosi kwa moyo wote: nikatoa mchanga, nikausugua, sponji ya chujio nikaikamua chini ya bomba mpaka ikawa nyeupe, nikajaza maji mapya ya kung'aa. Jumatatu samaki wanne kati ya sita walikuwa wanaelea.

Niliua kitu nisichokiona. Mkojo na kinyesi cha samaki, na chakula kilichobaki, hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaokaa kwenye sponji na mchanga huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, halafu bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaistahimili ikiwa si nyingi. Jamii hiyo ya bakteria huchukua kama wiki nne mpaka sita kujijenga kwenye tangi jipya. Maji ya jana yanang'aa na bado yanaua.

Ndiyo maana anayeanza anatakiwa avumilie: aendeshe chujio, akiweza aombe kipande cha sponji chafu kutoka kwa mwenzake mwenye tangi zima, aingize samaki wawili, asubiri, kisha aongeze. Baada ya hapo ni kubadilisha robo ya maji kila wiki, na sponji kuikamua ndani ya maji yaleyale uliyoyatoa. Chakula ni kile wanachokimaliza kwa dakika mbili hivi. Watoto wa jirani wakija kulisha, ficha kopo.

"Basi chota ziwani, maji ya bomba yana dawa"

Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani humohumo, yamesafishwa na kutiwa klorini. Mimi nayaacha kwenye ndoo wazi, kutwa na kucha, klorini inapaa. Ya kuchota ufukweni yanakuja na mengine: konokono wadogo na vimelea vya kichocho wanaotoka kwao, ambao wanapenya ngozi. Vimelea vyenyewe havidumu zaidi ya siku mbili hivi nje ya konokono, lakini konokono akiingia na majani uliyoyang'oa ufukweni, ataendelea kuwatoa, na wewe unatia mkono humo kila wiki.

Mawe, hayo okota tu. Mji wetu umekaa juu ya mwamba, na mawe yetu mengi ni ya granaiti isiyobadili maji. Jiwe usilolijua lidondoshee ndimu. Likitoa povu, liache.

"Nunua na yule wa kusafisha"

Pleko, yule anayenyonya ukungu kwenye kioo. Anapita sentimita 30, na kinyesi chake ni kingi kuliko ukungu anaoula. Anayesafisha tangi ni wewe.

Mtu akishasikia yote haya ananiuliza, sasa niweke nini? Kwa lita 54, gapi madume sita mpaka wanane. Wana rangi, hawazidi sana sentimita tatu, hawagombani kwa kiasi cha kuumizana, na viluwiluwi vya mbu wanavimaliza. Nasema madume kwa makusudi. Jike wa gapi huzaa kila baada ya wiki nne hivi, na hutunza mbegu ya dume kwa miezi, kwa hiyo hata ukimnunua peke yake anaweza kukujazia nyumba bila wewe kuelewa baba ni nani. Ukitaka beta, mpe tangi lake. Umeme ukikatika na pampu ikazima, hao wachache watakusubiri. Wangekuwa ishirini wangeanza kuhema juu kabla ya jioni.

"Nikiwachoka nitawarudisha ziwani"

Gapi, beta na pleko hawajatoka ziwani, kwa hiyo hakuna kuwarudisha. Gugumaji nalo lilisambazwa duniani kama ua la bwawani, likaonekana humu ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwenye mtumbwi yeyote atakueleza kilichofuata. Wape wenzako, au mrudishie muuzaji hata bure. Mwezi uliopita nilimchukua pleko wa sentimita 25 kutoka kwa jirani aliyekuwa anahama. Tulimsafirisha kwa bodaboda ndani ya ndoo yenye mfuniko, dereva akiamini njia nzima kwamba tumebeba kambare, mpaka kwa jamaa yangu mwenye bwawa la saruji uani. Alipofunua ndoo, dereva akainama, akatazama, akauliza, "Huyu analiwa?"